Data za hali ya hewa zimefunguliwa dunia nzima, lakini Pemba bado haimo ndani yake

Tangu tarehe 1 Oktoba 2025, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, kilipofungua utabiri wake wote wa kila siku uwe huru kwa mtu yeyote, magrupu yetu ya watafiti hapa Unguja na Pemba yamejaa maneno. Kuna wanaoshangilia, wanasema sasa hatuna kisingizio tena, data zote bure, kilichobaki ni mtu kukaa na laptopu yake afanye utafiti. Na kuna wanaosema bure hiyo haitusaidii kitu mpaka serikali itujengee kituo kikubwa cha kuhifadhia data, chumba kizima kimejaa seva, ndo na sisi tutaweza kuzishughulikia hizo terabaiti kama wenzetu. Nimewasikiliza wote na wengine ni watu ninaowaheshimu sana, lakini naona wote wanaangalia wingi tu. Wingi wa data za hali ya hewa ni tatizo ambalo kwa sehemu kubwa limeshatatuliwa, na suluhisho lake tunaweza kulitumia tukiwa hapa hapa Tunguu au Chake Chake. Tatizo ambalo hakuna mtu wa nje atakaetutatulia ni zile data chache za kwetu wenyewe, vipimo vya mvua na joto na upepo vilivyochukuliwa juu ya ardhi yetu, ambavyo havijapangwa, havina maelezo, na vyengine bado viko kwenye makaratasi yanayosubiri mchwa. Na bila hivyo vichache, zile nyingi za Ulaya hatuna cha kuzipimia kama zinasema kweli kuhusu visiwa vyetu.

Nianze na huo wingi wenyewe, manake watu wanautaja sana bila kuuelewa. Data inayotumiwa zaidi na watafiti wa tabianchi duniani inaitwa ERA5, nayo ni ya hao hao ECMWF chini ya mpango wa Copernicus wa Umoja wa Ulaya. Hii imekuwa bure miaka yote, haikusubiri Oktoba. ERA5 si vipimo vitupu, ni hesabu: wanakusanya vipimo vya satelaiti, vya meli, vya ndege, vya maputo na vya vituo vya ardhini, wanavitia kwenye modeli ya kompyuta, na modeli inajaza hali ya hewa ya dunia nzima saa kwa saa kuanzia mwaka 1940 mpaka siku chache zilizopita. Dunia imekatwa viraba vya robo digrii, ambavyo huku kwetu karibu na ikweta ni kama kilomita 28 kila upande, na kwenda juu angani kuna tabaka 137. Ukijumlisha yote unapata petabaiti 5 hivi, na petabaiti moja ni terabaiti elfu moja, na terabaiti moja ni gigabaiti elfu moja. Ghala zima la ECMWF, ambalo mitambo yake iko Bologna, Italia, linahesabiwa kwa mamia ya petabaiti. Mtu akisikia namba kama hizo halafu akaangalia bando lake la gigabaiti mbili, lazima akate tamaa, na mimi simlaumu.

Lakini hebu tupige hesabu kidogo. Chukua kipimo kimoja tu, tuseme joto la hewa karibu na ardhi. Kila kiraba kina nukta yake moja, na kwa saa moja dunia nzima ina nukta 1440 kwa 721, yaani zaidi ya milioni moja. Masaa tangu 1940 ni kama 750,000. Zidisha, hata ukizibana namba vizuri unapata terabaiti moja na nusu, kwa kipimo kimoja tu. Sasa chukua Zanzibar peke yake, kutoka juu ya Konde mpaka chini ya Kizimkazi pamoja na bahari ya pembeni. Visiwa vyote vinaingia kwenye nukta 50, kumi kwa tano. Nukta 50 mara masaa 750,000 ni namba milioni 37 na nusu, ambazo ni kama megabaiti 150. Hizo zinakaa kwenye simu! Miaka zaidi ya 80 ya joto la Unguja na Pemba, saa kwa saa, mfukoni. Ongeza mvua, upepo, unyevu, mgandamizo wa hewa, mwanga wa jua, bado hujafika gigabaiti moja. Binti mmoja wa chuo aliyekuwa anaandika utafiti wake kuhusu mwani wa Jambiani alinijia analalamika bando zinamwishia, kila usiku anapakua na kila asubuhi faili limekatika njiani, tulipokaa tukaangalia nikaona anashusha dunia nzima, Siberia na Amazon zikiwemo, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kujaza yale masanduku manne ya kaskazini, magharibi, kusini na mashariki kwenye fomu ya kuombea data. Alichokosa pale ni somo la asubuhi moja, na somo hilo halihitaji seva.

Kuna ugumu mmoja wa kweli hapo na sitaki kuuruka. Faili nyingi za hali ya hewa, zile za fomati ya GRIB na hata za NetCDF, zimepangwa kwa wakati: saa moja, dunia nzima, halafu saa inayofuata, dunia nzima tena. Wenye kutabiri wanapenda hivo kwa sababu wao wanataka ramani ya leo. Mtafiti wa mikarafuu anataka kinyume chake, anataka sehemu moja kwa miaka yote. Ni kama daftari la madeni la dukani lililoandikwa siku kwa siku kwa mtaa mzima, wewe unataka deni lako tu, basi muuzaji itabidi afungue kila ukurasa kukutafuta. Ndo maana maombi yanakaa kwenye foleni masiku. Na hili nalo limeanza kupatiwa dawa: Google wameiweka ERA5 kwenye fomati inayoitwa Zarr, ambayo inaikata data vipande vidogo vidogo ili programu ichukue kile inachokitaka bila kushusha faili zima, na Copernicus nao wameweka huduma ya kuchukua mfululizo wa miaka kwa nukta moja. Kwa maneno mengine, swali lako ndo linalosafiri kwenda kwenye data, na jibu dogo linarudi kwako. Anaeendelea kudhani kwamba lazima tuwe na petabaiti zetu humu ndani ndo tufanye utafiti, anafikiria utaratibu wa zamani.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Hiyo data ukishaipata, inasema nini kuhusu Pemba? Kisiwa cha Pemba kina urefu wa kama kilomita 67 na upana wake mkubwa ni kama kilomita 22. Kiraba cha ERA5 ni kilomita 28. Maana yake hakuna kiraba hata kimoja ndani ya Pemba ambacho ni ardhi tupu, kila kimoja kimechanganywa na bahari, na vyengine bahari ndo imechukua nafasi kubwa zaidi. Na bahari haipandi joto mchana wala haishuki usiku kama ardhi inavyofanya. Kwa hiyo mtafiti anaechukua joto la Chake Chake kutoka ERA5 anapewa mchanganyiko wa mji na mkondo wa Pemba, joto la mchana linakuwa limepunguzwa na ubaridi wa alfajiri umepunguzwa vilevile. Anaefanya utafiti wa mbu wa malaria, ambapo digrii moja au mbili zinabadilisha kasi ya vijidudu kukua ndani ya mbu, atapata majibu mazuri sana ya kitakwimu kuhusu mahali ambapo hapapo. Kuna toleo jengine la ardhi tu, ERA5-Land, lenye viraba vya kilomita 9, hilo ni afadhali, lakini linalishwa na anga ile ile ya ERA5 kubwa.

Mvua ndo mbaya zaidi. Wengi hapa wanatumia CHIRPS, ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ambayo inaanzia 1981 na viraba vyake ni kilomita 5 hivi. Ni kazi nzuri na nawashukuru. Lakini CHIRPS inakadiria mvua kwa kuangalia ubaridi wa vilele vya mawingu kutoka satelaiti, kisha inasahihisha kwa vipimo vya vituo vilivyopo. Wingu likiwa refu kilele chake kinakuwa baridi sana na satelaiti inajua hapo pana mvua. Sisi wa visiwani tunajua mvua nyengine, ile inayokuja na upepo wa baharini kutoka wingu fupi, inapiga nusu saa Micheweni na Wete hawajui kitu. Kilele cha wingu kama lile hakina ubaridi wa kutosha, satelaiti inalipita. Hapo anaeokoa ni kituo cha ardhini, na kama kituo kipo lakini namba zake haziendi popote, ni sawa na kwamba hakipo. Hata kanuni za dunia hazitusaidii sana: mtandao wa msingi wa vituo ambao Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, linataka kila nchi iwe nao, unadai kituo kimoja kwa kila kilomita 200. Kwa kipimo hicho kituo kimoja kizuri cha Unguja kinatosha kwa visiwa vyote viwili, na Pemba inaweza kukosa kabisa na ripoti ikaandikwa kwamba masharti yametimizwa.

Ndo maana nasema utajiri wetu ni madaftari. Hapa watu wa mitandaoni wananiona wa zamani, lakini hebu fikirieni. Kituo kimoja cha mvua kinachosomwa kila asubuhi kwa miaka mia moja kinatoa namba 36,500, faili lake ni dogo kuliko picha moja ya simu. Vipimo hivyo vimechukuliwa Zanzibar tangu enzi za Mwingereza, kwenye viwanja vya ndege, kwenye vituo vya kilimo kama Kizimbani, kwenye mashamba ya karafuu. Kuanzia 1929 huduma ya hali ya hewa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilikuwa moja, makao yake Nairobi, na iliendelea kwa sura mbalimbali mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, kila nchi ikachukua chake. Leo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, inafanya kazi chini ya sheria ya 2019, na hali ya hewa ni jambo la Muungano, limo kwenye orodha ya Katiba. Lakini kilimo si jambo la Muungano, afya si jambo la Muungano, uvuvi si jambo la Muungano. Kwa hiyo namba za mvua za mamlaka ziko upande mmoja, namba za mvua zilizochukuliwa na watu wa kilimo ziko upande mwengine, rekodi za wagonjwa wa malaria na kipindupindu ziko upande wa tatu, na mtafiti anaetaka kuziunganisha anapiga hodi milango mitatu yenye mihuri mitatu tofauti. Hili silitaji kumlaumu mtu, kila ofisi inafuata sheria yake. Nalitaja kwa sababu hakuna seva duniani itakayounganisha vitu ambavyo kisheria havijawahi kukaa pamoja.

Na kuziunganisha si kuzichapa tu kwenye Excel. Ngoja nioneshe kitu kimoja ambacho kimeharibu tafiti nyingi. Chombo cha mvua kinasomwa saa 3 asubuhi. Maji yaliyomo ni ya masaa 24 yaliyopita, yaani sehemu kubwa ni ya jana. Sasa msomaji mmoja anaandika namba hiyo kwenye mstari wa leo kwa sababu leo ndo kaisoma, mwengine anaiandika kwenye mstari wa jana kwa sababu jana ndo ilinyesha, na wote wawili wana hoja. Satelaiti nayo inahesabu siku yake kwa saa ya Greenwich, ambapo siku mpya inaanza kwetu saa 9 usiku. Mtafiti anachukua daftari, anachukua satelaiti, analinganisha siku kwa siku, anaona hazifanani kabisa, anaandika kwamba satelaiti haifai Zanzibar au kwamba kituo ni kibovu. Kumbe ni siku moja tu imesogea! Ungemuuliza mzee aliyekuwa anasoma kile chombo angekwambia kwa sentensi moja. Sentensi hiyo ndo wataalamu wanaiita metadata, yaani data kuhusu data, na ikishapotea na mwenye nayo hakuna kompyuta itakayoirudisha kwa uhakika.

Yapo na mengine ya aina hiyo. Madaftari ya zamani yameandikwa kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4, ukichapa 0.45 ukadhani milimita umeifuta mvua nzima. Mstari mtupu unaweza kumaanisha haikunyesha au msomaji alikuwa mgonjwa, na tofauti ya sifuri na hakuna ndo tofauti ya ukame na likizo. Wengine wanajaza pengo kwa -99.9 halafu mwanafunzi anatafuta wastani na hiyo namba imo ndani, wastani wa joto la Aprili unatoka digrii 18. Kituo kinahamishwa mita mia tatu kupisha jengo jipya, joto linapanda nusu digrii ghafla mwaka huo, na mtu anaandika kwamba ni mabadiliko ya tabianchi. Vipimajoto vya zebaki vinaondolewa dunia nzima kwa mkataba wa Minamata na kuwekwa vya kielektroniki, tarehe ya kubadilisha isipoandikwa basi pale kwenye mfululizo pana mshono ambao hauonekani. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji petabaiti. Kinachohitajika ni mtu aliyekaa, anaejua, na anaandika.

Nirudi kwa wenye hoja ya kituo kikubwa cha data, manake hoja yao ina sehemu ya ukweli na si haki kuipuuza. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya Tanzania ikayumba vibaya. Mtu akisema tusiweke roho yetu yote mikononi mwa waya mmoja wa baharini, anasema kweli. Pia kuna data moja ya huku kwetu ambayo ni kubwa kweli kweli, nayo ni ya rada. Rada ya hali ya hewa inazunguka na kutoa picha mpya kila baada ya dakika chache, usiku na mchana, na zile data zake ghafi zikifutwa kupisha mpya hazipatikani popote duniani, wala Ulaya hawana nakala. Rada ya Dar es Salaam inaiona Unguja vizuri, Pemba iko mbali zaidi na mwale unakuwa umeshapanda juu mno kuyaona mawingu mafupi, lakini hata hivo ni hazina. Kwa hilo nakubali, disiki za kutosha zinunuliwe na data ghafi za rada zihifadhiwe zote. Vituo vya kujiendesha vinavyotuma kila dakika kumi navyo viingie hapo hapo. Ninachokataa ni kudhani kwamba chumba chenye seva ndo utunzaji wa data. Nimeshaona mahali disiki zipo, kiyoyozi kipo, na ndani ya disiki kuna mafolda yanaitwa "mpya", "mpya2", "ya mwisho", "ya mwisho kabisa", aliyeyapanga ameshahamishwa kazi na hakuna anaethubutu kufuta wala kutumia.

Hoja ya ada nayo ina pande mbili. Watafiti wanalalamika kwamba data za vituo zinauzwa na wanafunzi wetu hawana pesa. Wenye vituo wanajibu kwamba kituo kinakula pesa kila siku, vyombo vinahitaji kusawazishwa, msomaji anahitaji mshahara, na bajeti haitoshi. Wote wana haki. Azimio la 40 la WMO la mwaka 1995 liliruhusu nchi kugawa data muhimu bure na nyengine kuziwekea masharti, na nchi nyingi zikaitumia nafasi hiyo kutafuta mapato. Mwaka 2021 WMO wakapitisha sera mpya ya pamoja ambayo inataka data za msingi zitolewe bure bila masharti, na zile zinazopendekezwa nazo zifunguliwe, khasa kwa utafiti na elimu ya umma. Mimi naona mashirika ya ndege, makampuni ya mafuta na wajenzi wa mahoteli waendelee kulipia huduma, wanazo. Mwanafunzi wa SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa hapa Zanzibar, anaeuliza mvua ya Kizimbani asilipishwe, kwa sababu yeye ndo anaeigundua kasoro ya siku iliyosogea na kuirudisha kwa mwenye kituo ikiwa imesahihishwa. Kila data inapotumiwa na wengi ndo makosa yake yanapoonekana, hayo ni mapato pia ingawa hayaingii kwenye risiti.

Kuna hoja ya tatu, na hii naomba niseme wazi kwamba ni dhaifu kuliko zote ingawa ndo inayopigiwa makofi zaidi. Wanasema akili mnemba itajaza mapengo. Kweli, modeli za akili mnemba za kutabiri hali ya hewa kama GraphCast ya Google DeepMind na Pangu-Weather ya Huawei zilipotoka 2023 zilishangaza dunia, na ECMWF wenyewe waliiingiza yao, AIFS, kwenye kazi rasmi Februari 2025. Lakini modeli hizi zimefundishwa kwa nini? Kwa ERA5. Ile ile ambayo ndani yake hakuna kiraba cha Pemba kilicho ardhi tupu. Mwanafunzi hawezi kujua kitu ambacho mwalimu wake hakukijua. Modeli itajaza pengo, ndiyo, itajaza kwa namba nzuri yenye desimali tatu, na hutakuwa na cha kuipimia. Anaesema tusihangaike na madaftari kwa sababu akili mnemba ipo, anasema tuvunje mizani kwa sababu tumepata mtu hodari wa kukisia uzito.

Tena ukweli ni kwamba hizo data kubwa zinazihitaji zetu ndogo. Wamarekani wa NOAA wana kazi yao inayojenga upya hali ya hewa ya dunia kuanzia 1836, na chakula chake ni vipimo vya mgandamizo wa hewa vilivyotolewa kwenye madaftari ya meli na vituo vya zamani, vingi vimechapwa na watu wa kujitolea. Uingereza wakati wa karantini ya 2020 Chuo Kikuu cha Reading kiliweka picha za karatasi za mvua mtandaoni, watu 16,000 wakajitolea, wakachapa zaidi ya karatasi 65,000, vipimo zaidi ya milioni 5, kwa wiki mbili na siku mbili. Sisi tuna watu, tuna vijana wamemaliza skuli wana simu nzuri kuliko zangu. Na tuna sababu kubwa kuliko yao. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na kuzamisha meli za Sayyid Barghash, Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa na tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja na vyombo vikasimamishwa kwenda Unguja, watu waliulizana vimbunga kama hivi vinakuja kila baada ya miaka mingapi. Data inayoanzia 1940 haiwezi kulijibu swali hilo peke yake. Bandari, mahoteli ya pwani, na huo uchumi wa buluu wote unaozungumzwa unajengwa juu ya jibu lake.

Wa mwani hawasubiri. Wakinamama wa Paje na Jambiani wameona ile aina ya cottonii yenye bei nzuri ikifa maji yanapopata moto, wakabaki na spinosum ya bei ndogo. Kipima usawa wa maji ya bahari cha Zanzibar kinafanya kazi tangu 1984 na namba zake zinapatikana kimataifa, mtu wa Hawaii anaziona. Hicho ni kielelezo kwamba inawezekana: chombo kimoja, mfululizo mmoja, umetunzwa na kuelezwa vizuri, na dunia nzima inautaja. Joto la maji ya kina kifupi pale kwenye mashamba ya mwani, ambalo satelaiti haiwezi kulitenganisha na mchanga wa pwani kavu, halina mfululizo wa namna hiyo ulio wazi kwa kila mtafiti. Vivyo hivyo upepo wa mkondo wa Pemba, ambao manahodha wanaujua kwa kaskazi na kusi, na ambao mtafiti anaetaka kuelewa usalama wa vyombo anaukadiria kwa kiraba cha kilomita 28.

Kwa hiyo pesa ikipatikana mimi ningeipeleka hivi. Kwanza madaftari yote ya kabla ya 1977 yapigwe picha kabla ya masika ijayo, kwa simu inatosha, kila ukurasa, pamoja na jalada na yale maandishi ya pembeni ambayo wachapaji huyaruka. Picha hizo zikae sehemu tatu, moja Unguja, moja Pemba na moja nje ya visiwa, na zile za Nairobi na Uingereza ziombwe nakala rasmi. Kila kituo kifunguliwe karatasi moja ya maelezo: kiko wapi, kilihama lini, kinasomwa saa ngapi, siku inaandikwa ya leo au ya jana, chombo gani, nani alikuwa msomaji. Wasomaji waliostaafu watafutwe wakiwa hai, waulizwe, walipwe kwa muda wao. Kisha kuwe na orodha moja iliyo wazi ambayo mtafiti akiifungua anaona nini kipo, cha miaka gani, kwa nani, hata kama data yenyewe bado ina masharti, kwa sababu sasa hivi mtu anapoteza mwezi mzima kutafuta kama kitu kipo. Na kila mwaka SUZA na taasisi ya sayansi za bahari pale Buyu wawafundishe wanafunzi kukata kiraba, kusoma NetCDF na kulinganisha na kituo. Yote haya yanahitaji hati ya maelewano kati ya watu wa hali ya hewa, wa kilimo na wa afya, na mishahara ya watunzaji wawili wa kudumu, mmoja Unguja na mmoja Pemba, wasiohamishwa kila baada ya miaka miwili, na vijana wa kuifanya kazi hiyo wapo, wana digrii zao mkononi na wanazunguka mjini kutafuta ajira.